"Iko Sawa" Si Ushahidi

Kuna maneno mawili ya Kenya ambayo huwa yananitia wasiwasi: iko sawa. Fundi anafunga breki za nduthi, anazikanyaga mara mbili, anakwambia iko sawa. Fundi wa stima anawasha swichi, taa inawaka, iko sawa. Msanidi wa programu anabonyeza kila kitu kwa simu yake, hakuna kitu inakwama, iko sawa. Na tuseme ukweli, mara nyingi huwa iko sawa. Swali langu ni moja tu: umejuaje?

Jibu huwa ni "nimejaribu." Sina ubaya na kujaribu. Shida ni kwamba ukijaribu kitu mara 1,000, umejua kuhusu hizo mara 1,000. Mara ya 1,001 bado ni imani. Kwa app ya kuagiza chipo, imani inatosha. Ikikwama unaizima, unaiwasha, maisha yanaendelea. Lakini kuna programu zinaendesha ndege. Kuna zinazoongoza treni. Kuna zinazopima dawa inayoingia kwa mshipa wa mgonjwa. Hizo huwezi kuzima na kuwasha ukiwa futi 35,000 juu ya ardhi.

Kwa hivyo leo nataka tupige historia kidogo. Ni historia ya watu waliokataa kuambiwa iko sawa, wakatafuta njia ya kuthibitisha kwa hesabu kwamba programu haitaanguka, si kwa zile mara imejaribiwa tu, bali kwa mara zote zinazowezekana. Mmoja wao alikuwa Mwafrika, mwanamke aliyezaliwa kijijini Tunisia. Na kabla ya viwanda kuwasikiza, ilibidi kwanza roketi ilipuke.

Sekunde 37

Tarehe 4 Juni 1996, Kourou, Guyana ya Ufaransa, pwani ya Amerika Kusini. Ulaya inarusha roketi yake mpya, Ariane 5, kwa mara ya kwanza kabisa. Imebeba satelaiti nne za kisayansi za mradi wa Cluster, za kuchunguza venye upepo wa jua unakutana na sumaku ya dunia. Roketi inapaa vizuri. Kama sekunde 37 baadaye inapinda ghafla, inaanza kuvunjika, halafu inajilipua yenyewe, kama ilivyopangwa roketi ifanye ikipoteza njia. Miaka ya kazi ya wanasayansi ikarudi chini vipande vipande.

Ungefikiria ni injini, ama mafuta, ama hali ya hewa. Zii. Ilikuwa ni namba.

Ndani ya roketi kulikuwa na kompyuta mbili za kufuatilia mwelekeo, moja ya kazi na moja ya akiba. Programu yao ilitolewa kwa Ariane 4, roketi iliyotangulia, ambayo ilikuwa imeruka nayo bila shida. Mahali fulani ndani ya hiyo programu kulikuwa na amri ya kuchukua namba ya desimali ya biti 64, iliyohusiana na kasi ya roketi ya kwenda mlalo, na kuigeuza iwe namba nzima ya biti 16. Sasa, biti 16 zinazobeba namba hasi na chanya haziwezi kushika kitu kikubwa kuliko 32,767. Ni kama kumwaga mtungi wa lita 20 ndani ya kikombe cha chai.

Kwa Ariane 4 hiyo namba haikuwahi kuwa kubwa hivyo. Lakini Ariane 5 ilikuwa na nguvu zaidi na njia tofauti, na kasi yake ya mlalo ilipanda mara tano haraka kuliko ya ndugu yake. Namba ikafurika. Kompyuta ya mwelekeo, venye ilikuwa imefundishwa, ikajizima. Ya akiba je? Hiyo ilikuwa imejizima kitambo kidogo sana kabla, kwa sababu ilikuwa na programu ileile, na kosa lilelile. Akiba yenye ugonjwa wa mgonjwa si akiba. Kisha kompyuta kuu ya roketi ikapokea ujumbe wa "mimi nimekwama" kutoka kwa ile iliyokufa, ikausoma kana kwamba ni habari za safari, ikageuza midomo ya injini hadi mwisho. Roketi ikageuka ubavu kwa mwendo ambao hakuna chuma kingevumilia.

Kuna vitu viwili kwa hii stori vinauma. Cha kwanza, hiyo sehemu ya programu haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka chini. Kwa Ariane 4 ilikuwa ikiachwa iendelee kwa muda ili kuhesabu kukisimamishwa dakika za mwisho, wasianze kila kitu upya. Ikahamishwa tu kwa roketi mpya kwa sababu kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Cha pili, wahandisi walikuwa wamechunguza na kuona namba 7 zinazoweza kufurika. Wakaziwekea 4 kinga, wakaacha 3, kwa sababu walitaka kompyuta isilemewe na kazi, na kwa hesabu zao za Ariane 4 hizo 3 hazingefika huko. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti Julai mwaka huohuo. Ikasema wazi kwamba mfumo huo wa mwelekeo haukuwa umejaribiwa kwa njia halisi ambayo Ariane 5 ingepita.

Sasa usikimbilie kuwacheka. Hawa hawakuwa watu wajinga. Walikuwa kati ya wahandisi bora Ulaya, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kusema iko sawa. Imejaribiwa. Imeruka. Ina akiba. Kila sababu ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa kweli ya roketi nyingine.

Hesabu ilikuwepo tayari

Kile kinanishangaza zaidi ni hiki: dawa ya ugonjwa huo ilikuwa imechapishwa miaka 19 mapema.

Mwezi wa kwanza 1977, kwenye mkutano wa wataalamu wa lugha za kompyuta huko Los Angeles, watafiti wawili kutoka Grenoble, Ufaransa, walileta karatasi yao. Majina yao ni Patrick Cousot na Radhia Cousot, mume na mke.

Wacha nikae kwa Radhia kidogo, kwa sababu hatukufunzwa jina lake popote. Alizaliwa 1947 Sakiet Sidi Youssef, kijiji cha Tunisia kilicho karibu kabisa na mpaka wa Algeria. Tarehe 8 Februari 1958, wakati wa vita vya uhuru vya Algeria, ndege za jeshi la Ufaransa zilikipiga kijiji hicho mabomu. Ilikuwa siku ya soko. Watu wapatao 70 walikufa, wakiwemo watoto wa shule. Radhia, akiwa na miaka 10, alinusurika. Akaendelea na masomo Tunisia, akasomea uhandisi Algiers, kisha akaenda Grenoble miaka ya 70 kusomea kompyuta. Ufaransa hiyohiyo. Mimi siwezi kukwambia alikuwa na nini moyoni, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba leo, ndege nyingi zilizojengwa Ulaya ziko angani na programu ambazo zimekaguliwa kwa wazo lililotoka kichwani mwake na mwa Patrick.

Wazo lenyewe waliliita jina ambalo kwa Kiswahili nitaliita ufasiri dhahania. Usiogope hilo jina. Ukishawahi kununua nguo Gikomba, tayari unalijua.

Tuseme unaenda Gikomba kununua shati 4. Hujui bei kamili ya yoyote. Unajua tu kwamba shati moja haiwezi kuwa chini ya 150 wala juu ya 300. Je, pesa itatosha? Kuna watu watataka kuhesabu kila uwezekano: shati ya kwanza 150, ya pili 155, ya tatu 210, na kadhalika, mamilioni ya mchanganyiko. Wewe hufanyi hivyo. Unasema, kwa uchache ni 600, kwa wingi ni 1,200. Ukiwa na 1,500 mfukoni unajua kabisa, bila kujaribu hata mara moja, kwamba hakuna siku utaaibika mbele ya muuzaji. Umethibitisha. Na umethibitisha kwa kusahau makusudi: umeachana na bei kamili ya kila shati, ukabaki na mipaka tu.

Hiyo ndiyo siri yote. Badala ya kuendesha programu na namba halisi, unaiendesha na vivuli vya namba. Usiseme kasi ni 212.7, sema kasi iko kati ya 0 na 900. Pitia kila mstari wa programu ukiuliza: kama kilichoingia kiko ndani ya mipaka hii, kitakachotoka kiko ndani ya mipaka gani? Ukifika mwisho na mipaka yote iko salama, basi kila safari inayowezekana, hata ile ambayo hakuna mtu ameiota, iko salama. Kwa ile namba ya Ariane, chombo kama hiki kingeuliza swali moja: hii namba inaingia kwa biti 16, umejuaje haitazidi 32,767?

Na mizunguko je?

Hapa wale wanaoandika programu wataniuliza swali la maana. Programu nyingi zina mizunguko, kitu kinarudiwa tena na tena, pengine mara milioni, na programu ya ndege haikusudiwi kuisha kamwe ndege ikiwa hewani. Utafuata mizunguko yote hadi lini?

Chukua matatu ya watu 14. Kondakta anaanza na abiria 0. Sheria ni: maadamu abiria ni chini ya 14, ongeza mmoja. Ukifuata polepole, mwanzo abiria ni 0. Baada ya mzunguko mmoja ni kati ya 0 na 1. Kisha kati ya 0 na 2. Kwa 14 utamaliza, lakini ingekuwa ni hesabu ya hadi bilioni moja ungezeeka stage.

Akina Cousot walifanya kitu kijanja. Ukiona mpaka wa juu unapanda kila mara, usiufuate. Ruka mara moja useme, haya, labda unapanda bila mwisho. Hilo jibu ni pana mno, lakini si uongo, kwa sababu namba halisi zote zimo ndani yake. Kisha rudi na ile sheria mkononi: si walisema wanaongeza tu kama abiria ni chini ya 14? Basi ukiingia kuongeza abiria hawezi kuwa zaidi ya 13, na ukimaliza hawezi kuwa zaidi ya 14. Umefika palepale kwa hatua chache tu, na hatua zingekuwa ni chache hivyohivyo hata kama gari lingekuwa na viti bilioni. Kupanua kwanza, kukaza baadaye. Na walithibitisha kwa hesabu kwamba ukifanya hivi kwa mpangilio wao, hutawahi kukwama njiani wala kuacha uwezekano wowote nje.

Kosa gani unachagua?

Sasa tufike kwa kiini, kile kilichonifanya niandike hii.

Tangu 1936, Alan Turing alishatuonyesha kwamba kuna maswali kuhusu programu ambayo kompyuta haiwezi kuyajibu yote. Mwaka 1953 Henry Gordon Rice akaukaza huo ukuta: ukiuliza swali lolote la maana kuhusu tabia ya programu, hakuna chombo kimoja kinachoweza kutoa jibu sahihi la ndio au la kwa kila programu duniani. Haitatokea. Si kwamba hatujapata kompyuta yenye nguvu, haiwezekani.

Kwa hivyo chombo chochote cha kukagua programu lazima kikosee mahali. Unachoweza ni kuchagua kinakosea upande gani. Kinaweza kukosea kwa kunyamaza, yaani kuna hatari na kinasema iko sawa. Ama kinaweza kukosea kwa kupiga kelele, yaani hakuna hatari lakini kinasema sina uhakika hapa, angalia. Kujaribu-jaribu kwa kawaida kunakosea upande wa kwanza. Ufasiri dhahania unakosea upande wa pili, kwa makusudi. Rudi Gikomba ukiwa na 1,000 badala ya 1,500. Pengine utapata shati za bei nafuu na pesa itoshe. Lakini mipaka inasema inaweza kufika 1,200, kwa hivyo kengele inalia. Ni kengele ya bure? Labda. Lakini chombo kikinyamaza, unajua ukimya huo una maana.

Hiyo kwangu si hesabu tu, ni maadili. Mtu anayesema "sijui" mahali hajui ni wa kuaminika zaidi kuliko anayesema iko sawa kila mahali.

Lakini kengele za bure zikizidi, watu huzizima. Tunajua hiyo hata kwa nyumba zetu, kamsa ya gari ikilia kila usiku hakuna anayechungulia dirishani. Ndiyo maana wazo la 1977 lilibaki kwa karatasi na maabara muda mrefu. Ilikuwa kweli, lakini kwa programu kubwa ilikuwa na kelele nyingi mno.

Baada ya mlipuko

Ariane 5 ilibadilisha mambo. Mtafiti Mfaransa, Alain Deutsch, alikuwa akitengeneza kichunguzi cha kutumia ufasiri dhahania, na programu ya Ariane ikapitishwa humo kabla ya roketi kuruka tena Oktoba 1997. Mwaka 1999 alianzisha kampuni, PolySpace, kuuza kazi ya aina hiyo viwandani. Wazo likatoka shuleni likaingia karakana.

Novemba 2001, akina Cousot na wenzao wa École normale supérieure, Paris, wakaanza kutengeneza kichunguzi kingine, Astrée. Lengo lao lilikuwa moja na lilikuwa gumu: programu halisi za kuendesha ndege za Airbus, na kengele za bure karibu na sufuri.

Ebu elewa ndege hizo kwanza. Tangu A320, iliyoanza kubeba abiria 1988, rubani wa Airbus akivuta kile kijiti mkononi havuti kamba ya chuma inayofika kwa bawa. Anatuma umeme kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inaamua bawa lisogeeje. Hiyo programu ikigawanya kwa sufuri, ama ikifurika kama ya Ariane, aliyekwama si app. Ni wewe na wenzako kwenye viti.

Mwanzoni kichunguzi kilikuwa na kelele: kengele kama 1,200 kwenye programu moja ya ndege. Timu haikuzizima. Ilikaa na kila kengele ikiuliza, mbona huelewi hapa? Mara nyingi shida ilikuwa kwamba mipaka ya chini na juu ni kipimo butu. Kwa mfano, programu za ndege huwa zinachuja ishara za vihisi ili kuondoa mtetemo, na kila thamani mpya inategemea zile mbili zilizopita. Ukipima hizo thamani kwa sanduku la mraba, sanduku linavimba kila mzunguko bila kikomo. Jérôme Feret, mmoja wa timu, akatumia umbo la yai badala ya sanduku, na yai halikuvimba. Antoine Miné akaleta umbo la pembe nane, linaloweza kukumbuka uhusiano kati ya namba mbili. Walihesabu pia yale makosa madogo ya kukadiria desimali, na hayo si madogo hivyo: mwaka 1991 huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot wa Marekani ulikosa kombora kwa sababu saa yake ilikuwa imekusanya makosa ya kukadiria kwa kama saa 100 mfululizo. Tofauti ilikuwa kama theluthi moja ya sekunde. Wanajeshi 28 walikufa.

Kengele 1,200 zikashuka hadi 11. Na Novemba 2003, Astrée ikapitia programu kuu ya kuongoza Airbus A340, mistari 132,000 ya lugha ya C, ikamaliza kwa saa 1 na dakika 20 kwa kompyuta ya kawaida ya mezani, ikitumia megabaiti 300 za kumbukumbu. Kengele zilizolia: sufuri. Hakuna kufurika, hakuna kugawanya kwa sufuri, hakuna kusoma nje ya jedwali, kwa safari yoyote inayowezekana ya programu hiyo. Simu iko mkononi mwako saa hii pengine ina kumbukumbu mara kumi ya ile.

Baadaye ikaenda kwa A380, na 2008 ikatumika kukagua programu ya chombo cha Ulaya, Jules Verne, kilichojiegesha chenyewe kwenye kituo cha anga za juu. Radhia alifariki 2014. Mwaka uliotangulia, yeye na Patrick walikuwa wamepewa tuzo kubwa ya watu wa lugha za kompyuta, na sasa kuna tuzo ya watafiti vijana inayobeba jina lake.

Mahali hesabu inaishia

Ningemaliza hapa mngepiga makofi. Lakini sisi ni Wakenya, na kuna tarehe hatuwezi kuiruka.

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari ET302, iliondoka Addis Ababa ikija Nairobi. Ilianguka dakika kama 6 baadaye. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya, hakuna nchi iliyopoteza wengi zaidi. Miezi michache kabla, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo, Boeing 737 MAX ya Lion Air, ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189.

Na hapa ndipo nataka uwe makini. Programu iliyohusika, MCAS, haikuanguka kama ya Ariane. Haikufurika, haikujizima. Ilifanya kile ilichoambiwa. Iliambiwa isikilize kihisi kimoja tu cha pembe ya ndege, na kihisi kikisema pua iko juu sana, isukume pua chini, na irudie. Kihisi kilitoa habari za uongo, programu ikaamini, ikasukuma. Ungeipitisha kwa kichunguzi cha kutafuta kufurika na kugawanya kwa sufuri, kengele haingelia kwa sababu hiyo. Kosa halikuwa kwa namna programu ilitekeleza amri. Kosa lilikuwa amri yenyewe.

Kwa hivyo hata uthibitisho wa hesabu unaweza kugeuzwa kuwa iko sawa nyingine, kama hakuna mtu anauliza: sawa kwa swali gani? Astrée inajibu swali moja kwa ukamilifu, je, hii programu inaweza kuanguka yenyewe? Haijibu kama kihisi kimoja kinatosha. Haijibu kama rubani ameambiwa programu hiyo ipo. Hayo ni maswali ya binadamu, na binadamu lazima ayajibu kabla ndege iondoke.

Kuna watu wakisikia hivyo husema, si basi hesabu haina maana, tuendelee kujaribu tu. Mimi naona ni kinyume. Hesabu inaondoa mezani rundo zima la vifo vya kijinga, vile vya namba kuzidi kikombe, ili akili zetu zibaki na nafasi ya maswali magumu. Asiyeondoa yale rahisi hatafika kwa magumu.

Sasa sisi

Hii nchi imejaa vijana wanaoandika programu, na si za kuagiza chakula pekee. Nduthi za stima zina programu inayolinda betri isishike moto. Mashine za wodi zina programu. Tutaendelea kuandika na kununua vitu ambavyo vikikosea, mtu anaumia. Na mazoea yetu, kwa fundi wa breki na kwa msanidi wa app, bado ni yaleyale: bonyeza, imeshika, iko sawa.

Sisemi kila mtu akasomee umbo la yai la Feret. Nasema tubadilishe swali. Mtu akikuletea kitu ambacho maisha ya mtu yataning'inia juu yake, usiulize kama imejaribiwa. Uliza vitu vitatu. Ni hali gani ambazo hamkujaribu? Chombo chenu kikikosea, kinakosea kwa kunyamaza ama kwa kupiga kelele? Na swali mlilothibitisha ndilo swali litakaloua mtu, ama mlithibitisha lile rahisi?

Akikasirika, hiyo ni habari pia. Akisema "hapo sijui, wacha niangalie," huyo mpe kazi. Maswali haya hayahitaji digrii. Muuzaji wa Gikomba anajua kuhesabu mipaka, kondakta anajua gari lina viti vingapi. Radhia na Patrick walichukua akili hiyohiyo ya kawaida, wakaifuata hadi mwisho bila kuruka hatua hata moja, na wakaweza kuthibitisha mistari 132,000 ambayo hakuna binadamu angeijaribu yote hata akiishi miaka 1,000.

Kwa hivyo ukiniambia iko sawa, sitabishana na wewe. Nitakuuliza tu umejuaje, na nitakaa chini nisubiri jibu.